Duara la Huruma: shajara ya michezo ya kuimba na watoto wadogo

Jumamosi, 1 Februari 2025

Tumeanza. Ukumbi ni ule wa mabati nyuma ya kanisa, hapa mtaa wa Huruma, Nairobi. Tunaulipia shilingi 500 kila Jumamosi asubuhi, na wazee wa kanisa wametukubalia tusogeze viti wenyewe mradi tuvirudishe kabla ya kwaya kuingia saa sita. Watoto waliofika ni 24, wa miaka mitatu hadi sita. Walezi tuko wanne: mimi, mama mwenye deikea (mahali pa kulelea watoto mchana) ya ghorofa ya chini, dada mmoja anayesomea ualimu wa chekechea, na Shosho wa ghorofa ya tatu. Shosho hakuja kufundisha. Alikuja kumlinda mjukuu wake, lakini mimi nimeshamwekea jicho.

Nia yetu ni kukusanya michezo ya duara na ya kuimba waliyoicheza wazazi na nyanya zetu, tuijaribu na watoto wa ghorofani, kisha tuiandike namna inavyochezwa ili mlezi yeyote wa deikea aweze kuichukua. Watoto wetu wengi wanaishi chumba kimoja na wazazi, ghorofa saba au nane kwenda juu, na uwanja wao ni ngazi. Mtoto wa ngazi anajua kupanda na kushuka kwa kasi inayonitisha. Kuzunguka hajui. Leo nimewaambia washikane mikono wafanye duara, nao wakapanga foleni, kama ya kunawa mikono.

Sitaandika jina la mtoto yeyote humu.

Tulianza na Ukuti kwa sababu kila mtu mzima ukumbini alikuwa anaujua. Mnashikana mikono, mnazunguka, mnaimba ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi. Mkifika kwenye ukipata upepo mnatetemeka hadi chini. Raundi ya kwanza haijaisha, msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ukuti ni nini?" Swali zuri sana, na sikuwa nimelitarajia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mnazi hauoni joto la kuupa raha hapa. Makuti wameyaona kwenye paa za hoteli, yamekauka na kupangwa, hayajui upepo tena. Nikachukua gazeti, nikalipasua vipande virefu, nikalipepea. Wakaelewa kiasi. Tutahitaji ukuti wenyewe.

Jambo la pili ni hesabu. Mtoto mmoja aliyenyoosha mikono kidogo anachukua kama sentimita 80. Watoto 24 ni mita 19 na ushei za mzingo. Gawanya kwa 3.14, unapata duara lenye upana wa mita sita. Ukumbi wetu una upana wa mita tano na nusu. Ndiyo maana duara letu leo lilikuwa yai, na watoto wa pande mbili walikuwa wakiukwaruza ukuta.

8 Februari

Maduara mawili, moja ndani ya jingine. Wadogo tisa ndani, wakubwa 15 nje. La nje lina upana wa karibu mita 3.8, la ndani 2.3, na pembeni nafasi inabaki ya kupita mtu mzima. Tulijaribu kuzungusha moja kulia na jingine kushoto kwa sababu inapendeza machoni. Wadogo wakashikwa na kizunguzungu, wawili wakakaa chini. Yote yaende upande mmoja.

15 Februari

Leo nimejifunza kitu kuhusu sauti, na natamani ningelikijua miaka mingi nyuma.

Tumekuwa tukiona watoto wanapayuka badala ya kuimba. Nilidhani ni furaha. Shosho, ambaye mpaka leo alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango, akasema, "Hiyo sauti mnaanza nayo ni ya wazee. Mtoto huita kutoka juu." Dada wa ualimu ana programu ya kinanda kwenye simu yake. Tukapima. Mimi na Mama wa deikea tulikuwa tunaanzisha nyimbo zote chini ya noti ya C ya katikati ya kinanda, pale ambapo koo zetu zimezoea. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaimba kwa raha kati ya D iliyo juu ya C hiyo na A. Tukimwanzishia chini, hana pa kushuka, kwa hivyo anabaki na njia moja tu: kupayuka. Tukapandisha. Ukumbi ukabadilika papo hapo, sauti zikawa nyembamba na safi, hata yule mvulana asiyefungua mdomo niliona midomo yake ikisogea.

Nilipokuwa narudi nyumbani nikasimama chini ya ploti, jengo letu la ghorofa, kusikiliza. Watoto huwaita mama zao kutoka barabarani hadi ghorofa ya sita, na wote, bila kufundishwa, wanaita kwa sauti mbili: ya juu, kisha ya chini kidogo. Ma-ma! Jina la ndugu nalo vilevile. Njia ya kufundisha muziki iliyotokana na Zoltán Kodály wa Hungaria huanza na sauti hizo hizo mbili, kabla mtoto hajapewa nyingine yoyote. Kumbe Shosho na Kodály wamekutana kwenye ngazi za Huruma.

Jioni nimetunga wimbo wa kuingia duarani kwa sauti hizo mbili:

*Nani yuko hapa? — Yuko* (jina)*!*
*Amekuja na nini? — Na miguu miwili!*

Jina linaitwa, mwenye jina anakanyaga mara mbili, tunahamia kwa wa pili. Watoto 24 wanaisha kwa dakika tano hivi.

22 Februari

Wimbo wa majina umeshika. Wakiwa na kelele, Mama wa deikea anasema "Paukwa!" na wao "Pakawa!", halafu ukimya, halafu tunaanza. Hakuna kengele wala filimbi.

1 Machi

Leo tulicheza Nyama. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu nimerudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni.

Mchezo wenyewe kila mtu anaujua. Kiongozi anaimba nyama nyama nyama, wote wanaruka wakiitikia "Nyama!" Kisha anataja wanyama mmoja mmoja. Akitaja anayeliwa, unaruka na kuitikia. Akitaja asiyeliwa, unatulia tuli. Ukiruka mahali si pake, unatoka nje.

Ng'ombe, mbuzi, kuku, wote juu. Nyoka, wote chini, vicheko. Sungura, nusu kwa nusu. Nikataja nguruwe. Baadhi wakaruka, watoto wa Kiislamu wakabaki chini, na mvulana mmoja wa miaka sita akawanyooshea kidole: "Mmekosea!" Nikajaribu kurekebisha kwa kutaja ngamia, nikidhani nimetaja mnyama wa mbali. Mtoto mmoja wa Kisomali akaruka peke yake, juu kabisa, kwa furaha ya mtu anayelijua jibu. Wenzake wakapaza sauti, "Nje!" Kwao ngamia ni nyama, na maziwa yake ni kinywaji. Mtaa wa Eastleigh uko pua na mdomo na hapa, na nyama ya ngamia inauzwa huko kila siku. Alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Akaenda ukutani.

Nikasimamisha mchezo, nikamrudisha, nikaeleza kwamba nyama ya kwenu na nyama ya kwetu zote ni nyama. Wakasikiliza vizuri. Lakini nilipogeuka nikaona ukutani walikuwa wamesimama saba, na watano kati yao ni wa miaka mitatu na minne. Hilo ndilo lililonikaa. Mtoto mdogo anachelewa kusikia, anachelewa kuamua, kwa hivyo ndiye anayetoka wa kwanza, anasimama dakika kumi akitazama wakubwa wakiruka. Mchezo unamfukuza yule aliyehitaji kuruka kuliko wote. Sisi tuliokua tukiucheza tuliona ni sawa kwa sababu tunakumbuka siku tulizobaki ndani.

Tumeamua mawili. Kwanza, badala ya anayeliwa, tutataja anayeruka angani: kunguru, kipepeo, njiwa, mbu. Pili, hakuna nje. Aliyekosea atahamia duara jingine na kuendelea.

8 Machi

Mchezo wa wanaoruka umepokelewa. "Kuku" alizua ubishi mkali: anaruka au haruki? Nimewaacha wabishane. Ubishi huo haumgusi mtu na chakula cha kwao.

Tulijaribu pia aliyekosea aje kati awe kiongozi. Raundi mbili tu, wakaanza kukosea makusudi. Tumebaki na ile ya kuhamia duara jingine.

15 Machi

Leo mtoto ameumia, na kosa ni langu.

Kwa ile kanuni ya kuhama, msichana wa miaka mitatu alikuwa amehamia duara la nje, kati ya wavulana wawili wa miaka sita. Nilipaswa kuwarudisha wote mahali pao kabla ya kuanza Ukuti. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimegeuka kumfunga mtoto mwingine viatu. Wakubwa wakaongeza kasi, duara likajivuta, na yeye akavutwa mkono ukiwa umenyooka. Akalia kilio kifupi, kisha akanyamaza, na mkono ukaning'inia ubavuni, hataki uguswe.

Tulikimbia naye zahanati pamoja na mama yake. Mhudumu aliutambua mara moja: kiwiko kimeteguka. Akaushika mkono, akaukunja na kuuzungusha kidogo, na baada ya muda mfupi mtoto akanyoosha mkono ule ule kuchukua biskuti. Alinieleza kwamba kwa watoto walio chini ya miaka mitano hivi, ile kano inayoushikilia mfupa pale kiwikoni bado ni legevu, na mvuto wa ghafla wa mkono ulionyooka unatosha kuutelezesha mfupa kutoka mahali pake. Ndivyo inavyotokea hata mzazi akimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja kuvuka mtaro. Akasema pia kwamba ukiteguka mara moja, ni rahisi kuteguka tena.

Mama yake hakunikemea. Aliniambia tu, "Mwalimu, tafuta njia." Nimewapigia wazazi wote simu jioni hii kuwaeleza kilichotokea, mmoja baada ya mwingine, kabla habari hazijawafikia kwa njia nyingine.

22 Machi

Hakuna tena kushikana mikono kwenye mchezo wa kuzunguka. Tunashika leso, yaani kanga.

Wazo ni la Mama wa deikea. Leso moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ukiunganisha nane kwa ncha, unapata mita 12, na hizo ndizo mita za duara letu la nje kwa hesabu ya Februari. Tano zinatosha duara la ndani. Nilikuwa nimepanga kushuka mjini Biashara Street kununua, lakini wazazi wakaleta za zamani, zilizofifia rangi, zilizobeba watoto hawa hawa migongoni. Kumi na tatu kamili. Fundi wa cherehani anayekaa mlangoni mwa ploti yetu amezishona bila kudai hata senti, mshono mara mbili. Mafundo hatukutaka, kwa sababu fundo linakula urefu na linawaumiza viganja.

Moja ina maneno ambayo bado yanasomeka: *Mcheza kwao hutunzwa.* Nimeomba ishonwe mahali ambapo nitakuwa naiona.

Nimeijaribu asubuhi hii na inafanya kazi kuliko nilivyotumaini. Mtoto akishika leso, kiwiko kinakunjika chenyewe. Mkubwa akikimbia, nguvu inaenda kwenye kitambaa na kugawanyika kwa wote. Na kuna jambo ambalo sikulifikiria: mtoto akichoka akaachilia, duara halikatiki. Anakaa chini, anatazama, akitaka kurudi anakuta nafasi yake iko pale pale kwenye kitambaa ikimngoja. Leo watatu walitoka wakarudi hivyo bila mtu mzima kusema neno.

Yule msichana alikuja. Alishika leso kwa mkono wa kushoto kwanza.

5 Aprili

Mvua za masika zimeanza kwa nguvu. Mabati yakipigwa na mvua hakuna wimbo unaosikika, hata wetu watu wazima. Nilikuwa karibu kuwaambia wazazi tuahirishe, Shosho akainuka kwenye kiti chake. Akawakalisha chini mduara, leso la nje likiwa mapajani, mikono yote chini ya kitambaa. Akatoa kokoto mfukoni. Kokoto inapita chini ya leso kutoka mkono hadi mkono, wote mikono yao ikitikisika, na aliye kati abahatishe iko kwa nani. Kwao Machakos walicheza hivyo usiku wakisubiri chakula, wimbo ukawa wa kunong'ona.

Sisi hatukunong'ona wala kuimba. Tuligonga magoti yetu kwa viganja, taratibu, na mapigo yakapita sakafuni. Midomo ilisema maneno bila sauti. Nusu saa nzima mvua ikinyesha juu yetu, na watoto 20 wametulia hivyo, macho yakimfuata mwenzao kama paka. Sijawahi kuona.

Kokoto tumeibadilisha baada ya raundi ya kwanza. Wa miaka mitatu huweka kila kitu mdomoni. Sasa tunatumia soksi iliyofungwa fundo.

12 Aprili

Likizo. Wengi wamepelekwa ushago. Watoto 11 tu, duara moja, wimbo wa majina na Simama-kaa. Tumemaliza mapema.

3 Mei

Wamerudi, na wapya wanne. Wiki hii kulikuwa na ujumbe wa sauti kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: eti Ringa ringa rozi, kama watoto wanavyouita ule wimbo wa Kiingereza wa kuzunguka na kuanguka, *Ring a ring o' roses*, ni wimbo wa tauni ya London, kwamba rozi ni vipele na kuanguka ni kufa, na tuuondoe kwa sababu unawaita watoto mauti. Mzazi aliyeuleta ana hofu ya kweli, kwa hivyo niliichukua wiki nzima kusoma.

Tauni kubwa ya London ilikuwa 1665. Wimbo huu ulichapishwa Uingereza kwa mara ya kwanza 1881, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, na hadithi ya kuuhusisha na tauni ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Iona na Peter Opie, mume na mke wa Uingereza waliokusanya michezo ya watoto maisha yao yote, waliichunguza hadithi hiyo na hawakuikubali. Ziko namna nyingine za zamani za mchezo huo huo ambapo watoto hawaanguki, wanainama tu kwa heshima. Nimemweleza mzazi hivyo kwa simu, naye ameshukuru.

Hata hivyo wimbo nimeuondoa kwa sababu nyingine. Watoto wanaangukia sakafu ya saruji wote kwa pamoja, kwa makalio na viwiko, na wa mwisho anamwangukia mwenzake. Ukuti nao unaishia chini, lakini unafika ukitetemeka: magoti yameshakunjika kabla mwili haujafika. Aliyeutunga huko pwani, yeyote aliyekuwa, aliwatazama watoto wadogo vizuri.

17 Mei

Baba mmoja alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, mtoto wangu akifika PP1 ataulizwa kusoma. Hapa kila Jumamosi ni kuimba tu." PP1 ni mwaka wa kwanza wa chekechea. Sikutaka kumjibu kwa hotuba. Nilimwomba aketi dakika ishirini.

Tulicheza majina kwa makofi. Kila mtoto anapiga jina lake vipande vipande, kofi moja kwa kila silabi, na duara linarudia. Kisha tukapiga wa-te-te-me-ka, makofi matano, tukauliza kofi la tatu linasema nini. "Te!" Mtoto anayesikia vipande vya neno masikioni, siku ya kukutana na ba be bi bo bu ubaoni, hakutani na mgeni. Kiswahili kinasomwa kwa silabi, na silabi zinaingia kwa miguu na viganja kabla ya kuingia kwa macho.

Baba yule alikaa hadi mwisho, akaaga kwa adabu, hakusema amekubali wala amekataa. Mtoto anaendelea kuja.

Jumatano, 11 Juni

Leo ni Siku ya Kimataifa ya Mchezo. Umoja wa Mataifa uliipitisha 2024, kwa hivyo hii ni mara ya pili tu kuadhimishwa. Haki yenyewe ya kucheza ni ya zamani kuliko walezi wengine: kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990. Niliamua tutoke nje ya ukumbi, tuchezee barabarani mbele ya ploti, saa kumi jioni watoto wakitoka shule. Vijana wa boda walisogeza pikipiki zao wenyewe na mmoja akasimama kila upande kuzuia magari. Mwenye kibanda cha mboga akavuta mwavuli wake nyuma.

Tulianza na 26 wetu, wakafika wengine nisioweza kuwahesabu, na leso zikawa hazitoshi. Watu walijaa kwenye veranda hadi juu. Tulipofika kwenye Ukuti, mama mmoja wa ghorofa ya tano akapaza sauti: "Mwalimu! Mnaharakisha! Ni watete, watete, watetemeka!" Akashuka na mtoto mgongoni. Amezaliwa Kilifi. Akaingia kati na kutuonyesha: ile watete ya kwanza ni mabega, ya pili ni kiuno, na watetemeka ndiyo inayokupeleka chini. Sisi tulikuwa tunaruka kutoka upepo moja kwa moja hadi sakafuni. Miezi minne tumeucheza nusu! Nimeandika maelekezo yake yote, na ameahidi kwamba dada yake akija kutoka nyumbani atatubebea ukuti.

Tulicheza dakika arobaini. Kisha maji yakaja kwenye bomba la ploti, na kila mtu akakimbilia mitungi.

28 Juni

Ukuti umefika, ndani ya kikapu, kifungu cha majani marefu ambayo bado yana ukijani kidogo kwenye shina. Niliupitisha kila mtoto aushike. Wengine waliunusa. Yule msichana aliyeuliza siku ya kwanza aliushikilia juu kwenye dirisha, akangoja, na upepo ulipopita ukatetemeka wenyewe mkononi mwake. Akaniita nije nione. Nikaja, nikaona.

Nilibaki na tatizo la Machi, ambalo sijapata jibu lake. Kuhamisha aliyekosea tuliacha tangu ile ajali. Kwa sasa akikosea hatufanyi lolote, mchezo unaendelea, na wakubwa wananiambia hivyo si mchezo. Wana haki. Kosa lisilo na tokeo lolote linawafanya waache kusikiliza.

5 Julai

Baridi ya Julai, wengi wana mafua, wamekuja 15. Kipindi kilikuwa cha kawaida.

Ninaloandika limetokea jioni. Nilikuwa napanda nyumbani na mkungu wa ndizi begani, nikasikia Ukuti kutoka juu. Pale ngazi inapokata kona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kuna nafasi ndogo, na watoto watano walikuwa wamejipanga mduara, wameshika sweta zilizofungwa mikono kwa mikono. Wa sita alikuwa amesimama ngazi moja juu yao akiwa na jani moja la ukuti. Wakaimba hadi *ukipata upepo* wakanyamaza. Kimya. Wote wakamtazama yule wa juu. Yeye akasubiri, akavuta pumzi, akapeperusha jani juu ya vichwa vyao, na hapo ndipo wakaanza kutetemeka, mabega, kiuno, chini.

Nikatua ndizi. Nikawauliza huyo wa juu ni nani kwenye mchezo.

"Ndiye upepo."

"Anachaguliwaje?"

"Alikosea. Ukikosea unakuwa upepo."

Bila upepo ukuti hautikisiki, kwa hivyo wimbo wote unamngoja aliyekosea. Na anayekuwa upepo hakai sana, kwa sababu raundi inayofuata kuna mwingine atachelewa kutetemeka, na anashuka kuchukua sweta yake. Niliuliza kama kuna anayekosea makusudi ili awe upepo. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema hapana, kwa sababu upepo yuko peke yake na huku juu kuna baridi.

Nikauliza ni nani amewafundisha hivyo. Mmoja akanishangaa. "Mwalimu, si wimbo wenyewe unasema ukipata upepo?"

Nimeandika kanuni yao daftarini kama walivyoisema: duara la watano au zaidi, upepo mmoja, jani moja, hakuna anayetetemeka kabla ya kupeperushiwa. Jumamosi ijayo tutaijaribu na wote, na nimewaomba hao sita ndio wawaonyeshe wenzao. Mdogo wao ameniuliza kama duara likiwa kubwa upepo unaweza kuwa wawili. Nimemwambia alete swali hilo Jumamosi, na kwamba Shosho atakuwepo.